Jiko la Midrand Lilivyoingia Ulaya

Wajukuu zangu, mimi niliwahi kuwa nchi. Sikuwa malkia wala rais, nilikuwa nchi yenyewe. Nilikuwa na anga langu, majirani wangu, na waongozaji wawili: mimi na Thokozile Mabaso. Nilikaa kati ya Italia na Latvia, na watu wazima wenye suti walinijadili mpaka chai ikawapoa mezani. Chai hiyo nilikuwa nimeimimina mwenyewe.

Nawaandikia nyinyi mliozaliwa hapa Joburg, ninaowasemesha kwa Kiswahili mkanijibu kwa Kiingereza, pamoja na wenzenu wanaoanza kazi za ofisini wakidhani kazi ya chai haihitaji kichwa. Neno likiwashinda, njooni mniulize. Nipo Joubert Park, ghorofa ya tisa. Lifti ikigoma, msipande kwa ngazi kwa ajili ya neno moja. Kusanyeni manne au matano kwanza.

Kusoma sikusoma sana. Niliishia darasa la nne kule Kilosa. Lakini majina nayashika. Marehemu babu yenu Vusumuzi, aliyenioa Morogoro alipokuwa mkimbizi wa siasa na kunileta kwao walipofunguliwa njia, alikuwa akisema kwamba akitaka kujua nani alikuwepo kwenye harusi yetu ataniuliza mimi, hana haja ya picha. Na hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kazi ya chai: jina la mtu lishike pamoja na kikombe chake. Usiseme "yule wa kahawa nyeusi." Sema Bwana Joris, kahawa nyeusi, biskuti tatu, ya nne anaiweka mfukoni akidhani humwoni.

Aliyenifunza kazi ni Mama Dorcas Nkuna, kwenye ofisi moja ya mjini, miaka mingi kabla ya hii ninayoisimulia. Siku ya kwanza nilibeba sinia huku nimekodolea macho vikombe, nikaingia ukutani. Ukuta kabisa, mlango ulikuwa pembeni yangu. Mama Dorcas akaokota vigae akaniambia, "Asumini, vikombe havina pa kwenda. Angalia unakokwenda wewe." Mpaka leo sijasikia mafunzo ya kuongoza ndege yanayozidi hayo, na nimesikia mengi.

Mwaka 2015 nikapata kazi Midrand. Jengo la vioo, ghorofa mbili, mitaa ya nyumba za matajiri upande huu na maghala upande ule. Bosi alikuwa Bwana Deon Verwey, mtu mrefu, mwenye haraka, asiye na ubaya wa makusudi. Jikoni tulikuwa mimi na Thokozile, mama wa Kizulu kutoka Nongoma, wakati huo ana miaka thelathini na minane, watoto watatu, mume hayupo. Getini alikuwa Papa Mukendi wa Lubumbashi. Na mezani, nyuma ya marundo ya karatasi, alikuwa Refilwe Mokoena, ambaye kila kitu alichoandika alikiandika vizuri na kila kitu alichokula alikula amesimama.

Sasa kazi ya ofisi ile ilikuwa nini? Miezi mitatu sikujua. Nilidhani wanauza ramani. Siku moja nikamuuliza Refilwe, akanieleza huku anakula mkate, akiniita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu.

"Gogo, Ulaya kuna nchi nyingi ndogondogo, na kila nchi ina kipande chake cha anga. Ndege ikiruka saa mbili tu imeshavuka vipande vinne. Kila kipande kina mitambo yake na mtu wake wa kuongea na rubani, mwongozaji."

"Kama nyumba ya kupanga. Kila chumba na mwenyewe."

"Hivyo hivyo. Sasa wamekubaliana vyumba vyote viwe na mitambo mipya, inayofanana, inayosikilizana. Kila mwaka kila nchi inajaza fomu kusema imefika wapi. Fomu zinakuja kwetu, tunazisafisha, tunazitia rangi, tunazifunga kitabu."

"Mbona zije huku Midrand?"

Refilwe akatafuna kwanza. "Hilo usiulize kwa sauti."

Rangi zenyewe ndizo nilizojifunza, maana rangi hazihitaji darasa la tano. Kijani: jambo limekamilika. Bluu: linaendelea. Njano: limepangwa. Nyekundu: limechelewa. Na kulikuwa na kijivu, ambacho mwanzoni nilidhani ni wino umekwisha.

Nchi zilizokuwa nyekundu nazijua zote kwa majina, lakini nitazisitiri. Hata nchi ina watoto.

Basi wakaja wageni kutoka Ulaya, wenye fomu zao, mara ya kwanza. Bwana Joris, mkubwa wao, alitanguliza ratiba. Bwana Verwey akapita mlangoni kwetu anaongea na simu, akafunika simu kwa kiganja, akasema, "Mama Asumini, kesho chai yao ni saa nane, Zulu." Akaenda.

Wajukuu, hapa ndipo nilipokosea, na nataka mwone kwamba nilikosea kwa akili. Mtu mwingine angeshangaa: saa nane, Zulu, maana yake nini? Mimi sikushangaa hata kidogo. Mimi ni Mswahili. Kwetu jua likichomoza ni saa moja, wakati huku wanasema saba. Maisha yangu yote nchi hii natembea na saa mbili kichwani, ya kwetu na yao. Kwa hiyo nikaona ni jambo la kawaida kabisa kwamba Wazulu nao wana saa yao, na nikaona haya kwamba nimeishi nao miaka yote hii bila kuiuliza. Nikamgeukia Thokozile.

"Thoko mwanangu, saa nane ya Kizulu ni saa ngapi ya ukutani?"

"Saa ya nani?"

"Yenu. Bosi kasema chai iwe saa nane ya Kizulu."

Thokozile akaweka kitambaa chini. Alikuwa hajawahi kusikia kitu kama hicho, lakini si mtu wa kukubali kwamba kuna jambo la Kizulu asilolijua, tena linalojulikana na Deon Verwey. "Lazima ni ya zamani," akasema. Akampigia simu mama yake Nongoma.

Mama yake alikuwa na miaka themanini na moja, jina lake MaSithole. Alifurahi sana kuulizwa. Akasema zamani siku ilianza pale watu wanapokwenda kukamua ng'ombe, kabla jua halijatoka. Thoko akaandika ukutani: kukamua, saa tano alfajiri kwa saa za huku. Tukahesabu saa nane kwa vidole, vyake na vyangu. Tukafika saa moja mchana, yaani saa saba kwa Kiswahili. Tukaridhika. Mimi nikasema hii ni heshima kubwa, wageni kutoka Ulaya kunywa chai kwa saa za hapa.

Kesho yake Papa Mukendi akapiga simu ya ndani. "Mama Asumini! Bazungu banafika. Bako batano. Moya iko na valise, sanduku kubwa sana, sijui analeta ndege yenyewe!"

Ilikuwa saa tatu asubuhi kwa Kiswahili. Tukawapa maji ya kunywa, tukakaa. Saa nne na nusu Bwana Verwey akaingia jikoni, shingo nyekundu.

"Chai iko wapi?"

"Bado, bosi," nikasema. "Saa nane ya Kizulu haijafika."

Akamwangalia Thokozile. Thokozile akamwangalia yeye, mikono kiunoni. Mzungu wa Afrika Kusini anayetaka kumwambia mama wa Nongoma kwamba hajui saa ya Kizulu hufikiri mara mbili.

"Nimempigia mama yangu," Thoko akasema.

"Zulu si Wazulu!" bosi akanong'ona kwa kelele. "Ni jina la saa ya ndege! Dunia nzima! Ni saa ya Uingereza! Unaongeza mbili, inakuwa kumi! Kumi imepita!" Kumi yao ni saa nne yetu.

"Saa ya Uingereza inaitwaje Zulu?"

"Sijui!"

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Thokozile, chemsha maji!"

Tukachemsha. Kwa haraka nikayapa maziwa kisogo, yakaungua. Shikeni hili: bosi anaweza kungoja, maziwa hayangoji. Bwana Joris alikunywa kahawa yake nyeusi, akala biskuti tatu, ya nne ikaenda mfukoni. Mwenzake, Bi Katrin, mwenye miwani ya kamba, akaonja chai ya maziwa yaliyoungua, akaandika kitu kwenye daftari.

Wiki ile Bwana Verwey akatuita. Alikuwa na karatasi mkononi, na kwa uso wake nilijua ni wazo, kwa sababu mawazo yalimpata kama mafua.

"Kama Ulaya nzima inaweza kuwa ya kisasa," akasema, "jiko linaweza. Kuanzia leo jiko ni nchi. Mtajaza fomu kama wengine."

Hakuwa anatania. Fomu ilikuwa na mistari kumi na miwili, kichwa kile kile, rangi zile zile. Mstari wa nne ulisema: mashine ya chai na kahawa ya kujiendesha. Nikamuuliza mashine ikifika, sisi tutafanya nini. Akaangalia viatu vyake. Akasema mashine haihitaji watu wawili. Nikauliza inahitaji mmoja? Akasema haihitaji mmoja pia. Mpaka ziara ijayo ya wageni mstari wa nne uwe kijani, na kama utakuwa mwekundu, basi jiko litafungwa kwa kuchelewa.

Tukarudi jikoni. Thokozile akakaa juu ya ndoo.

"Gogo, tukimaliza tunaondoka. Tusipomaliza tunaondoka."

"Ndiyo hivyo."

"Wewe una pensheni ya mumeo. Mimi nina Sanele, Nomvula na Bandile."

Nilisafisha sufuria ambayo ilikuwa safi. Thoko ndiye aliyenifundisha mji huu unavyosema, ndiye aliyelala sakafuni kwangu siku saba nilipofiwa. Nikajua kwamba mashine ile ikiingia mlangoni, mimi nitakwenda kupumzika, yeye atakwenda kusimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na bango la karatasi la kuomba kazi.

Nikamfuata Refilwe na chai yake, mapema kuliko kawaida. Akajua nina shida.

"Kijani tumekufa," nikamwambia. "Nyekundu tumekufa. Ile ya kijivu ni nini?"

Refilwe akaacha kutafuna. "Haihusiki."

"Hainihusu mimi?"

"Hapana, ndilo jina lake. Haihusiki. Gogo, kuna nchi hazina bahari. Ukiziuliza ndege zao zinalindwaje juu ya bahari, zinaandika haihusiki, zinatia kijivu, na hakuna anayeweza kuwaambia wamechelewa. Zipo nchi nusu ya fomu ni kijivu. Zinalala usingizi mzuri."

Wajukuu, nimeishi miaka mingi, nimeombewa na mashehe na wachungaji, lakini sijawahi kusikia neno lililonipa pumzi kama lile. Haihusiki. Hukatai, huchelewi, hubishani na mtu. Jambo lipo, wewe upo, ila hamjuani.

"Lakini lazima utoe sababu," Refilwe akasema. "Kuna kisanduku cha sababu."

Tukakaa na Thoko, yeye ndiye mwenye mwandiko. Akaandika: Kwa sababu hatutaki. Refilwe akafuta. "Nchi haisemi haitaki. Nchi inasema ina hali yake maalum."

"Basi andika tuna hali yetu maalum."

"Hali gani?"

Nikafikiri. Miaka ile ya mgao wa umeme, ofisi nzima inazimika kwa saa mbili, tatu, kompyuta zote macho meupe, watu wanajikusanya jikoni kwa sababu jiko letu lilikuwa la gesi. Nikasema, "Andika hivi: umeme ukikatika, mashine ni kabati."

Thoko akaandika hivyo hivyo. Mistari mingine tukaijaza kwa ukweli. Waongozaji: wawili. Msongamano: mkubwa saa nne asubuhi. Makubaliano na majirani: yapo, na Bwana Themba wa mashine ya kunakili, kwamba kwenye korido anayebeba vya moto anapita kwanza. Hiyo kanuni tuliitunga baada ya Themba kumwagiwa rooibos, chai nyekundu ya huku, mara mbili, na nawashauri muitumie popote mtakapofanya kazi, hata kanisani.

Nikampa Refilwe fomu aitunze. Bosi alikuwa amemwambia akusanye fomu zote zilizopo, azifunge kitabu, amletee asaini. Refilwe aliniapia baadaye kwamba kitabu kilijipanga chenyewe kwa alfabeti. Mimi uso wake nilikuwa nauona wakati anaapa, midomo ameibana kama mtu aliyeweka pipi chini ya ulimi. Bwana Verwey akasaini kila ukurasa, mmoja mmoja, huku anaongea na simu.

Wakaja wageni mara ya pili. Safari hii niliuliza: saa nne ya ukuta upi? Nikaonyeshwa ukuta kwa kidole. Saa nne kamili nikaingia na sinia, macho mlangoni. Bwana Joris alikuwa anasoma nchi moja baada ya nyingine, sauti kama ya mtu anayesoma majina ya wagonjwa.

"Italia. Asanteni. Tunaendelea." Akafunua. "Kitchen."

Nilikuwa namimina kikombe cha Bi Katrin. Sikuacha kumimina, maana ukiacha katikati ndipo inapomwagika.

Kijana mmoja wa Ulaya, jina lake Matthias, akasema taratibu, "Hii ni mwanachama?"

"Imo kitabuni," Bwana Joris akasema.

Wote wakamgeukia Bwana Verwey. Angeweza kusema ni makosa. Lakini kusema ni makosa ni kusema kwamba amesaini kitabu kizima bila kukisoma, na saini yake ilikuwepo pale chini, kubwa, ina mkia. "Ni nchi ndogo," akasema.

"Waongozaji wawili," Bi Katrin akasoma. "Hakuna jeshi. Ajali mbili za korido, zote kabla ya makubaliano." Akainua kichwa. "Makubaliano yao na majirani ni mafupi kuliko ya nchi yoyote humu ndani. Mstari mmoja. Na yanafanya kazi."

"Mstari wa nne ni kijivu," Matthias akasema. "Sababu: umeme ukikatika, mashine ni kabati. Sielewi. Hii ni tafsiri?"

Bwana Joris akavua miwani. "Mwakilishi wa nchi yupo?"

Moyo ulinidunda mpaka kwenye birika. Nikamwona Thoko kwenye upenyo wa mlango, jicho moja tu. Nikainua mkono uliokuwa na birika, mwingine ulikuwa na maziwa.

"Nipo."

Bwana Joris akaangalia birika, akaangalia ukurasa, akamwangalia Bwana Verwey kwa muda mrefu. Nadhani hapo alielewa. Lakini mtu yule alikuwa amesoma fomu miaka mingi sana na sidhani alikuwa amewahi kufurahi hata siku moja kazini. Akavaa miwani tena, akakaa vizuri.

"Mheshimiwa," akaniambia, "eleza kabati."

Nikaeleza. Mgao ukija, mashine ya umeme haitoi hata maji ya moto, inabaki kusimama, unaweza kuweka vikombe ndani yake lakini si chai. Sisi tuna gesi.

"Na gesi ikishindwa kuwaka? Mna mfumo wa akiba?"

"Upo."

"Upi?"

"Kiberiti."

Bi Katrin akaandika. Bwana Joris akasema nchi zingine alipoziuliza swali lile zilimletea kurasa arobaini. Akauliza kama kuna pingamizi. Hakuna. Matthias akataka kusema jambo, Bi Katrin akamkanyaga mguu, nilikuwa nimesimama karibu, niliona. Wakaandika: haihusiki, sababu imekubaliwa, waongozaji wote wawili wabaki kazini kwa usalama wa anga. Wakasaini. Kalamu ikafika kwa Bwana Verwey, akasaini na yeye, bila mkia.

Kwenye korido akanisimamisha. "Mama Asumini, unajua ulichofanya?"

"Nimemimina chai, bosi."

"Sasa siwezi kuleta mashine. Imeandikwa Ulaya."

"Pole, bosi."

Nilikuwa na sinia la vikombe vitupu. Hakutakiwa kunipisha, vitupu havina haki ya kwanza, lakini alinipisha. Jikoni Thokozile alikuwa amekaa sakafuni na aproni usoni, anacheka na kulia, akisema, "Eish, Gogo, kiberiti! Kiberiti!" Nikakaa naye. Kwenda chini kulikuwa rahisi, kunyanyuka ndiko kulikotaka watu wawili na Papa Mukendi.

Niliacha kazi mwaka 2019, magoti yalipokataa. Thoko akabaki kuwa mkuu wa jiko, kwa maandishi, na akapewa msaidizi anaitwa Zanele.

Sijamaliza hata mwezi wa kupumzika, simu ikalia. Thokozile.

"Gogo, Ulaya wameleta fomu mpya. Kuna mstari sijawahi kuuona. Wanauliza anga letu linaanzia wapi na linaishia wapi kwenda juu. Nimwandikie nini Bwana Joris?"

"Linaanzia sakafuni."

"Sawa, nimeandika. Linaishia wapi?"

"Kwenye dari."

Nikasikia kalamu yake. "Wanauliza tena: na juu ya hapo, anasimamia nani?"

"Juu ya hapo si ofisi ya Verwey?"

"Ndiyo."

"Basi mwandikie Bwana Joris hiyo ni nchi nyingine, na kwamba sisi tunaishi nao kwa amani."